Umeme Unaopotea Njiani: Kaboni Yake ni ya Nani?

Msambazaji wa umeme hana mitambo ya makaa. Anaupokea umeme kwenye kituo cha kupozea, anaushusha msongo na kuufikisha kwa mteja. Kwa nini basi apimwe unyayo wa kaboni, yaani jumla ya hewa chafu anayohesabiwa? Kwa sababu nyaya hupata joto. Duniani, takriban asilimia 8 ya umeme unaozalishwa hupotea katika usafirishaji na usambazaji, na kila uniti iliyozalishwa kwa makaa ya mawe imeshatoa karibu kilo 1 ya hewa ukaa, imfikie mteja au isimfikie.

Mwongozo wa GHG Protocol, unaogawa utoaji wa kampuni katika makundi matatu, unauweka upotevu huo kundi la pili, kana kwamba mwenye mtandao ameutumia yeye. Naona ni haki, maana ndiye anayechagua unene wa waya, urefu wa laini na ubora wa transfoma.

Wanaopinga, hata hivyo, wana hoja nzito. Chukua mtandao unaopoteza uniti milioni 100 kwa mwaka. Ukilishwa na makaa, ni kama tani 100,000 za hewa ukaa. Bwawa la maji likichukua nafasi ya mitambo hiyo, hesabu inaporomoka bila waya hata mmoja kubadilishwa. Na kinyume chake ndicho kinachonisumbua zaidi. Watu wakiacha petroli na kununua magari ya umeme, mkondo kwenye laini unaongezeka, na mkondo ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Hewa chafu kwa jumla inaweza kupungua huku vitabu vya msambazaji vikichafuka. Meneja aliyepewa lengo la tani peke yake atajifunza kuwaogopa wateja wapya.

Kanuni hiyohiyo ya mkondo na joto inaharibu pia hesabu za wastani wa mwaka. Sehemu kubwa ya joto la nyaya hutokea matumizi yakiwa kileleni, na katika mitandao mingi ndipo mitambo ya mafuta au gesi huongezwa. Wastani unalififisha hilo. Transfoma nayo ina tabia yake: kiini chake cha chuma hula umeme saa 24, hata mtaa mzima ukiwa umelala.

Kuna na wizi. Umeme ulioibwa haukuishia kuwa joto la nyaya. Umemwashia mtu taa. Ukijumuishwa kwenye upotevu, kampuni inaweza kuwafungia wezi mita, ikatangaza kaboni imepungua, ilhali mitambo inachoma vilevile.

Kwenye gesi ya SF6, inayozima cheche ndani ya swichi za msongo mkubwa na wa kati, sioni ubishi. Inavuja kwenye vifaa vya msambazaji mwenyewe, na kilo 1 hupasha dunia joto kuliko kilo 23,000 za hewa ukaa katika miaka 100. Umoja wa Ulaya umezuia kufunga swichi mpya zenye gesi hiyo hadi kilovolti 24 kuanzia Januari 1, 2026, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Kwa hiyo apimwe, lakini uniti zilizogeuka joto, uniti zisizolipiwa na kiwango cha kaboni cha kila saa (hewa ukaa kwa kila uniti) vichapishwe kila kimoja peke yake, kabla ya tani. Kazi ianzie kwenye mita ya kila transfoma, maana pasipo mita hiyo joto na wizi vinatenganishwa kwa makadirio tu.