Ruzuku inayokwisha na ajira isiyo na maabara

Programu ya FLAIR, iliyoendeshwa na Royal Society ya Uingereza pamoja na Akademia ya Sayansi ya Afrika yenye makao yake Nairobi, ilikuwa ikimpa mtafiti chipukizi wa Kiafrika hadi pauni 150,000 kwa mwaka, kwa miaka miwili. Kwa mtu aliyemaliza uzamivu juzijuzi, hizo ni fedha za kununua vifaa, kuajiri wasaidizi, kwenda uwandani na kujichagulia swali la utafiti bila kusubiri kivuli cha profesa. Fedha zenyewe zilitoka kwenye bajeti ya misaada ya Uingereza. Mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo ilipopunguza misaada kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa, wakala wake wa utafiti, UKRI, ulitangaza pengo la pauni milioni 120 kati ya ahadi zilizokwisha kutolewa na fedha zilizokuwepo. Mwaka huohuo Wellcome, mfuko wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya, na wafadhili wengine wakaondoa fedha zao Akademia, na programu zake kubwa zikahamia taasisi mpya, Science for Africa Foundation.

Watafiti waliokuwa katikati ya kazi hawakuwa wamekosea lolote. Miaka minne baadaye yakaja ya Marekani: misaada ilisimamishwa Januari 2025, mwezi Mei taasisi za afya za nchi hiyo, NIH, zikazuia utaratibu wa vyuo vya Marekani kuwapitishia fedha wabia wa nje, na kufikia Julai USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imefungwa. Katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, ambako tafiti za UKIMWI, kifua kikuu na malaria zimeajiri vijana wengi kwa mikataba ya mradi, kila mkataba wa namna hiyo una uhai wa mradi wake, hauzidi hapo.

Kuna wanaosema basi tuachane na ruzuku za ushindani, tuwape vijana ajira za kudumu. Sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu ruzuku hizo zimetufanyia mambo ambayo ajira ya serikali peke yake haikuyafanya. Tazama Kilifi. Tangu 1989, ushirikiano wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya), Wellcome na Chuo Kikuu cha Oxford umejenga pale kituo ambacho kijana wa Kenya anaweza kuanza akiwa mwanafunzi wa mafunzo kazini na kufika hadi kuongoza kundi lake la utafiti. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika Kilifi, Bagamoyo na Korogwe, miongoni mwa vituo vingine. Yale ya R21 yakafanyika tena Kilifi na Bagamoyo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa mikataba.

Zaidi ya fedha, ruzuku ya ushindani humpa kijana mamlaka. Katika idara nyingi za vyuo vyetu, mhadhiri msaidizi hufundisha kozi alizopangiwa, husahihisha mitihani ya mamia ya wanafunzi na hujiunga na mradi wa mkubwa wake akiwa mkusanyaji wa data. Mwenye ruzuku yake mkononi hahitaji kupita njia hiyo. Pendekezo lake limesomwa na watu wasiomjua wala kujua ni mtoto wa nani, nao wakaona linafaa. Ulinzi huo dhidi ya upendeleo ni wa thamani, na anayeutupa kwa jina la uthabiti wa ajira atajikuta ameua vipaji vilevile anavyotaka kuvilinda.

Lakini gharama ya maisha ya mkataba hubebwa na mtafiti mwenyewe, na mara nyingi haionekani kwenye ripoti za wafadhili. Mtumishi wa umma mwenye barua ya ajira ya kudumu huingia benki na hati yake ya mshahara akatoka na mkopo wa kujenga. Mwenzake wa mradi, hata akiwa anapokea mshahara mnono kuliko yeye, huulizwa mkataba unaisha lini. Miaka ya mikataba, takriban kati ya thelathini na arobaini, ndiyo miaka ya kuoa na kuolewa, kuzaa, kusomesha wadogo. Mwanamke anayejifungua katikati ya ruzuku ya miaka miwili hupoteza sehemu ya muda ambao ndio utakaotumika kumpima. Baada ya ruzuku ya pili au ya tatu watu huchoka, na wanaochoka si lazima wawe dhaifu kitaaluma. Wengine huenda kwenye mashirika, wengine hufungua shughuli zao, wengine huondoka nchini.

Kuondoka nako kusihukumiwe haraka. Faith Osier, mtaalamu wa kinga ya malaria aliyefanya kazi Kilifi, alipata tuzo ya Sofja Kovalevskaja ya Ujerumani mwaka 2016 akaanzisha kundi lake Heidelberg, kisha akaenda Imperial College London. Mtu wa kiwango chake hufungua milango kwa wengi waliobaki. Ninachohoji ni kwamba Ujerumani ilikuwa na tuzo ya hadi euro milioni 1.65 kwa miaka mitano ya kumkaribisha mtu kama yeye, wakati mifuko yetu ya kitaifa haina kitu cha kulinganisha. Sheria ya sayansi ya Kenya ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti. Nchi za Umoja wa Afrika zilijiwekea lengo la asilimia 1. Fedha halisi hazijakaribia.

Sasa tuigeukie ajira ya kudumu, ambayo husifiwa zaidi na wasioishi ndani yake. Nchini Tanzania, chuo cha umma hakiajiri kwa sababu tu kina uhitaji. Lazima nafasi iwe kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi zilizoidhinishwa, na kibali cha ajira kitoke serikalini. Mwaka 2016 serikali iliposimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, vyuo navyo vilisubiri. Nchini Kenya, mgomo wa wahadhiri wa 2025 uliendelea kwa wiki saba kwa ajili ya malimbikizo ya makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021. Na hata mshahara ukija kwa wakati, ni wa kufundisha. Kupanda daraja kunahitaji machapisho, machapisho yanahitaji utafiti, na fedha za utafiti mhadhiri anatakiwa ajitafutie.

Wapo waliojaribu kuunganisha njia hizi mbili. Hispania ilianzisha mwaka 2001 programu ya Ramón y Cajal: mkataba wa miaka mitano kwa watafiti waliochaguliwa kwa ushindani mkali, wengi wao wakirudi kutoka nje. Mwaka 2005 ikaongezwa motisha ya fedha kwa vyuo vitakavyowapa nafasi za kudumu waliofanya vizuri. Kisha ukaja mgogoro wa uchumi, serikali ikaruhusu vyuo kujaza takriban nafasi moja tu kwa kila kumi zilizoachwa wazi, na watu waliokwisha kupimwa na kuthibitika wakakuta mlango umebanwa. Fundisho ninaloliona hapo ni zito kwetu: ahadi ya nafasi itakayokuja baadaye huvunjika kwa urahisi sana bajeti inapoyumba.

Afrika Kusini iligeuza mpangilio. Chini ya programu ya nGAP iliyoanza 2015, chuo hutenga nafasi ya kudumu kwanza, kijana anaajiriwa, na serikali inachangia mshahara na maendeleo yake kwa miaka sita, baada ya hapo chuo kinabeba mzigo chenyewe. CARTA, programu ya kusomesha watafiti wa Afrika inayoongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ilifuata mantiki inayofanana tangu 2008: wanaofadhiliwa kwa uzamivu ni waajiriwa wa vyuo na taasisi wanachama, wenye mahali pa kurudi.

Pingamizi kubwa dhidi ya mfumo huu nalikubali nusu. Ukianza na nafasi, unampendelea aliye ndani tayari. Kijana hodari asiye na ajira chuoni anabaki nje ya uzio. Na aliyekwisha pata barua ya kudumu anaweza kulegea. Kasoro ya kwanza hutibika kwa kutangaza nafasi hadharani na kuweka watathmini kutoka nje ya chuo, jinsi ruzuku za kimataifa zinavyofanya. Ya pili hutibika kwa tathmini ya kweli mwaka wa tano, yenye vigezo vinavyojulikana tangu siku ya kwanza. Ruzuku iliyokufa katikati haina tiba ya aina hiyo, kwa sababu anayeamua hayuko hapa wala hawajibiki kwetu.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa nafasi kwanza, kwa sharti kwamba ruzuku ya ushindani ije pamoja nayo. Mfadhili wa nje anayetaka kusaidia aulize kabla ya kusaini: nafasi hii ipo kwenye ikama, na kibali kimetoka? Kama jibu ni hapana, fedha zake zisubiri, au achangie mshahara kwa kiwango kinachopungua mwaka hadi mwaka huku chuo kikiongeza chake.

Tanzania ina nafasi ya kulijaribu hili sasa. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliopata dola milioni 425 za Benki ya Dunia mwaka 2021, unasomesha wanataaluma wa vyuo vya umma hadi uzamivu, na umejenga majengo na maabara. Hawa ni waajiriwa, hivyo nafasi wanazo. Wanachokosa wakirudi ni fedha ndogo ya kuanzia utafiti wao wenyewe na nafuu ya vipindi vya kufundisha katika miaka miwili ya mwanzo. Mfuko wa sayansi chini ya COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, upo tangu miaka ya tisini. Ukitenga dirisha la wanaorudi, lenye ushindani wa wazi na ruzuku ya miaka mitatu, na vyuo vikakubali kwa maandishi kuwapunguzia vipindi, hatutahitaji kuunda chombo kipya. Itabidi tu Hazina itoe fedha hizo kwa wakati, kila mwaka, hata mwaka ambao bajeti ni ngumu.