Sekunde Tatu za Binti Yako Zina Nini Ndani?

Huku Texas wazazi wa softiboli wana namba moja wanayoitaja hata kabla ya kuulizwa: muda wa binti yao kutoka besi ya nyumbani hadi besi ya kwanza. "Wangu ana tatu nukta moja." "Wetu kashafika mbili nukta tisa." Kambi za majaribio huiandika namba hiyo kwenye kadi, kwa malipo yasiyo haba, na mtoto wa miaka 11 anarudi nyumbani akiamini kwamba ile kadi ndiyo miguu yake. Mimi ni mzazi ninayesaidia mazoezini, kazi yangu kubwa ikiwa kushika saa, na msimamo wangu ni huu: namba hiyo ikiachwa nzima haimsaidii mtoto wala kocha. Lazima uipasue vipande.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: softiboli ni ndugu wa besiboli, ilianzia Chicago mwaka 1887, ina mpira mkubwa zaidi na uwanja mdogo zaidi. Mpigaji anaupiga mpira kwa gongo akiwa besi ya nyumbani, kisha anakimbilia besi ya kwanza; besi ni alama nne zilizopangwa kama mraba, na mpira ukiwahi kufika kabla yake, ametolewa. Besi hadi besi ni futi 60, yaani mita 18 na ushee, wakati besiboli ya wakubwa ni futi 90. Kwenye timu za wasiozidi miaka 12, mrushaji husimama futi 40 tu kutoka kwa mpigaji. Uwanja ukiwa mdogo kiasi hicho, mtu anatolewa au anasalimika kwa tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho.

Sasa tuje kwenye saa. Swali la kwanza ni kidole gumba cha nani kinaibonyeza, na kinaibonyeza lini. Wapo wanaoanza gongo linapogusa mpira. Wapo wanaosubiri mguu wa kwanza wa mpigaji utembee. Wengine huwaweka watoto kwenye mstari na kusema "Nenda!" Mbio zilezile, kwa njia hizo tatu, zitakupa majibu matatu. Kwenye riadha jambo hili lilishughulikiwa zamani: muda wa mita 100 uliopimwa kwa mkono huongezwa sekunde 0.24 kabla ya kulinganishwa na ule wa mashine. Binti anayekimbia mita 7 kwa sekunde hupita mita 1.7 ndani ya muda huo, karibu hatua yake nzima. Kwa hiyo ukiambiwa mtoto ametoka 3.1 hadi 2.9 ndani ya wiki moja, kabla hujapiga makofi uliza kama aliyeshika saa ni yuleyule.

Dawa iko mfukoni mwa kila mzazi. Simu nyingi za leo hupiga video ya mwendo wa polepole yenye fremu 240 kwa sekunde. Simama pembeni, mbali kidogo, besi zote mbili zionekane. Tafuta fremu ambayo mpira unagusa gongo, tafuta ambayo mguu unagusa besi, hesabu zilizo katikati, gawanya kwa 240. Hata video ya kawaida ya fremu 60 inakushinda wewe na saa yako kwa mbali. Ukitega koni kwenye futi 20 na futi 40, unapata vipande vitatu badala ya namba moja, na hapo ndipo utaona mambo.

Kipande cha kwanza mara nyingi hakihusu kasi hata kidogo, kinahusu namna mtoto anavyotoka kwenye pigo. Mpigaji wa mkono wa kulia anamaliza pigo lake mwili ukiwa umegeukia upande wa besi ya tatu, halafu ndiyo aanze safari ya kwenda kulia. Wa kushoto anasimama futi chache karibu zaidi na besi ya kwanza, na akiwa ni miongoni mwa wale wanaougusa mpira huku tayari wanakimbia, mtindo uliompa jina Natasha Watley, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya 2004 na timu ya Marekani, basi saa inaanza yeye akiwa keshatembea. Kuwapanga hawa wawili kwenye orodha moja na kusema huyu ana mbio kuliko yule ni kuwaonea.

Kipande cha mwisho ndicho kinachonikera zaidi, kwa sababu kukirekebisha hakuhitaji misuli. Kanuni inamruhusu mkimbiaji kuipita besi ya kwanza bila hofu ya kuguswa na mpira akatolewa, mradi asijaribu kuelekea ya pili. Viwanja vingi vya watoto vina besi pacha, nyeupe kwa mlinzi na ya rangi ya machungwa kwa mkimbiaji, ili wasigongane. Kila kitu kimeandaliwa apite moto. Lakini tazama video: futi 20 za mwisho watoto wengi wanafupisha hatua wakitafuta mguu wa kukanyagia, au wanageuza shingo kuufuata mpira, au wanaruka kama wanavuka mtaro. Muda wa futi hizo unatakiwa uwe mdogo kuliko wa futi 20 za katikati, au angalau ulingane nao. Ukiwa mkubwa, mtoto anafunga breki. Weka koni hatua tano mbele ya besi, mwambie mwisho wa mbio ni pale, na umwambie hivyo kila siku mpaka achoke kukusikia.

Kona ni habari nyingine. Pima nyumbani hadi besi ya pili, kisha linganisha. Tuseme binti anafika ya kwanza kwa 3.2 akipita moja kwa moja, na anafika ya pili kwa 6.6. Futi 60 za pili zimemla sekunde 3.4, ingawa alizianza akiwa tayari mbioni! Hapo tatizo ni ramani: amekwenda na mstari ulionyooka hadi kwenye besi, akalazimika kukata kona kali, akatupwa nje kuelekea nyasi za nyuma. Mwili wenye kasi haukubali kona kali. Ama upunguze mwendo, ama upanue njia. Kwa hiyo anatakiwa atoke nje ya mstari mapema, aingie kwa upinde, aegemeze mwili upande wa ndani na akanyage kona ya ndani ya besi. Makocha wengine hushikilia kwamba ni lazima mguu wa kushoto. Mimi naona mguu wowote unaofika bila kuchechemea ni sawa.

Halafu kuna kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata wakati mrushaji anarusha bila kungoja mpira upigwe, na hapa namba ya nyumbani hadi ya kwanza haina kauli kabisa. Mkimbiaji haruhusiwi kuiacha besi kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, akitangulia ametolewa. Piga hesabu ya mrusho wa maili 45 kwa saa, ambao ni futi 66 kwa sekunde. Mpira unatumia kama sekunde 0.6 kumfikia mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Kutoka kwake hadi besi ya pili ni mshazari wa futi 85 kasoro kidogo, na kwa kasi ileile ni sekunde 1.3. Binti anayemaliza futi 60 kwa sekunde 3.0 anawaachia maadui zake sekunde 1.1 tu za kudaka, kuchomoa mpira kwenye glavu, kujipanga na kumgusa. Lakini akisubiri auone mpira ukitoka ndipo ashtuke na kuondoka, anapoteza kama sekunde 0.3, na zote zinakwenda kwa mdakaji. Wajanja huweka mguu mmoja nyuma ya besi, wakaanza kuyumba mbele mkono wa mrushaji unapozunguka, mguu ukaondoka sawia na mpira. Huo ni mdundo, na mtoto mzito anaweza kuujua kuliko mwepesi. Ligi nyingine za watoto wadogo zinakataza kuondoka mpaka mpira ufike kwa mpigaji, basi angalia kanuni za kwenu kwanza.

Orodha za kubandika ukutani nazipinga waziwazi. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na miaka 11 au 12 hivi, miguu ikitangulia na nguvu ya kuibeba ikifuata baadaye. Mtoto anaweza kupoteza kasi msimu mzima bila kosa lolote, huku mwenzake wa umri uleule aliyekwisha kuvuka kipindi hicho anampita. Muda wa mtoto ulinganishwe na wa kwake mwenyewe, udongo uleule, njumu zilezile, kila baada ya mwezi au zaidi. Sakafu ya jimu wakati wa baridi ina vipimo vyake. Usivichanganye na vya udongo wa mwezi wa tano.

Na tafadhali, tuachane na kuwazungusha watoto uwanja mzima, tena mwisho wa mazoezi, tena kama adhabu. Hilo linawafundisha kukimbia wakiwa wamechoka, yaani polepole, na kuchukia kukimbia. Kasi inataka mbio za mita 10 hadi 20, chache, mwanzoni mwili ukiwa bado mbichi, na mapumziko marefu. Makocha wa riadha husema dakika moja kwa kila mita 10. Mzazi aliye kwenye jukwaa ataona watoto wamesimama tu na atanuna. Anune.

Ninachopenda kuliko vyote ni kufukuzana: mmoja anaanza hatua mbili mbele, mwingine anamkimbiza, na sijaona saa inayoweza kumtoa mtoto mbio kama mwenzake aliye mgongoni. Mabinti waliokulia Tanzania wakicheza rede, wakikwepa mpira kutoka pande mbili huku wakijaza chupa mchanga, wanakuja na miguu iliyokwisha kujua kusimama ghafla na kugeuka. Hiyo nusu ya kazi wameifanya wenyewe bila kocha.

Softiboli haikuwepo Paris 2024, lakini inarudi kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, na mechi zake zitachezwa Oklahoma City, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka hapa Dallas. Ukikaa na binti yako kuzitazama, mwambie asiufuate mpira. Amtazame mkimbiaji aliye besi ya kwanza, kuanzia mkono wa mrushaji unapopanda.