Mtaa Umepona, Wapangaji Wako Wapi?

Oktoba 1992, mtoto wa miaka 7 alipigwa risasi akafa akienda shule na mama yake. Shule yenyewe ilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Ni Cabrini-Green, Chicago, magorofa ya umma, yaani ya serikali kwa wapangaji wa kipato cha chini, ambayo jina lake peke yake lilitosha kuwatisha Wamarekani.

Mwaka huohuo tume iliyoundwa na Bunge la Marekani ilitoa ripoti: nyumba za umma 86,000 hivi, kama asilimia 6 ya zote, zilikuwa zimechakaa kupita kiasi. Ndipo ukaanza mpango wa HOPE VI. Serikali kuu inatoa ruzuku kwa mamlaka ya nyumba ya mji, magorofa yanabomolewa, panajengwa mtaa mpya wenye wapangaji wa vipato mchanganyiko. Hadi ulipofungwa, mpango huo ulikuwa umemwaga zaidi ya dola bilioni 6. Tangu 2010 kazi hiyo inafanywa na mrithi wake, Choice Neighborhoods.

Wanaotetea ubomoaji wana hoja nzito. Lifti hazifanyi kazi, mabomba yamepasuka, ngazi zinamilikiwa na magenge. Na uozo huo haukuletwa na wapangaji. Maeneo mengi yalichaguliwa enzi za ubaguzi, ili Weusi wakae kwao. Kisha sheria ya 1969 ikaweka ukomo wa kodi ya nyumba kuwa robo ya kipato cha mpangaji (baadaye asilimia 30). Ilikuwa huruma ya kweli, lakini kodi ikawa haitoshi kuendesha majengo, na pengo lile serikali haikuliziba vya kutosha. Wenye uwezo wakahama. Wakabaki wasio na pa kwenda.

Mchumi Eric Chyn aliwafuatilia watoto wa Chicago ambao majengo yao yalibomolewa miaka ya 1990, akawalinganisha na wenzao wa majengo ya jirani yaliyoachwa. Ukubwani, nafasi ya waliohamishwa kuwa na ajira ilizidi ya wenzao kwa asilimia 9, na kipato chao kilizidi kwa asilimia 16. Takwimu hizi hupenda kutajwa kila ruzuku inapotetewa. Lakini tuzisome vizuri: watoto hawa walinufaika kwa kuondoka. Familia zao zilipewa vocha, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba ya mtu binafsi, zikaenda kupanga kwingine. Kilichowasaidia si bustani wala vibaraza vya mtaa mpya, maana hawakukaa humo. Mtu anaweza kuukubali utafiti wa Chyn na bado akauliza ruzuku ya ujenzi ilimjengea nani.

Atlanta inajibu sehemu ya swali hilo. Techwood Homes, mtaa wa kwanza wa nyumba za umma nchini Marekani, ulifunguliwa 1936 na kubomolewa kuelekea michezo ya Olimpiki ya 1996. Pamoja na mtaa wa jirani, Clark Howell, palikuwa na nyumba zaidi ya 1,000, zote za watu wa kipato cha chini. Centennial Place iliyojengwa hapo ina 738, na zilizotengwa kwa wapangaji wa nyumba za umma ni 300 hivi. Ni mtaa mzuri, shule yake ilisifiwa, uhalifu ulishuka. Ila hesabu haidanganyi. Na wengi walikuwa wameshaondoka, au wameondolewa, kabla tingatinga halijafika, kwa hiyo hata katika orodha ya wenye haki ya kurudi hawakuwamo. Ni kama wodi iliyotangazwa kupona baada ya wagonjwa kuhamishwa.

Sheria iliruhusu. Sharti la zamani la kujenga nyumba moja kwa kila moja inayobomolewa lilisimamishwa 1995, likafutwa kabisa 1998. Sheria hiyohiyo ya 1998 ikazikataza mamlaka kuwa na nyumba za umma nyingi kuliko zilizokuwa nazo Oktoba 1, 1999. Yaani kupunguza ruksa, kuongeza marufuku.

Waliopewa vocha nao walikutana na jambo ambalo wapangaji wa magorofa hawakuwa wamelizoea: bili. Katika nyumba za umma, umeme, gesi na maji mara nyingi vilikuwa ndani ya kodi. Huko nje, mama akalipa kodi, kisha majira ya baridi kali yakaleta bili ya gesi ya kumtoa jasho. Watafiti waliozifuatilia familia za HOPE VI walikuta watu wanaolala kwa amani zaidi kuliko zamani, lakini wanahangaika na bili, na afya zao ni mbovu mno. Amani ya usiku si jambo dogo kwa mtu aliyekuwa akiwalaza watoto sakafuni kukwepa risasi. Naiweka upande wa faida bila kusita.

Choice Neighborhoods ilikuja na marekebisho. Kwa kawaida kila nyumba inayobomolewa ijengewe mbadala, mpangaji asiye na kosa awe na haki ya kurudi, na fedha ziguse pia shule, ajira na mtaa unaozunguka. Miongoni mwa miji mitano ya kwanza, 2011, ilikuwamo Seattle, kwa ajili ya Yesler Terrace: nyumba 561 juu ya kilima kinachotazama katikati ya jiji. Humo waliishi wahamiaji wengi wa Afrika Mashariki, Wasomali na Wahabeshi, pamoja na Wavietinamu. Zote 561 zilipangiwa mbadala. Gharama ikafidiwa kwa kuuza sehemu ya ardhi kwa waendelezaji binafsi, wanaojenga maelfu ya nyumba za bei ya soko. Kilichopotea ni vibustani: zamani karibu kila familia ilikuwa na kipande cha kupanda mboga mlangoni, sasa ni ghorofa.

Hiyo ni Seattle, ambako ardhi ya kilimani ni dhahabu. Katika mji ambao ardhi haina mnunuzi, ruzuku ya dola milioni 30 haitoshi kujenga mtaa, na mwekezaji haji. Miji ile mitano iligawana dola milioni 122. Wakati huohuo, matengenezo yaliyolimbikizwa katika nyumba za umma za nchi nzima yalikadiriwa kuwa karibu dola bilioni 26. Kwa hiyo anayesema fedha hizi zingeziba paa zinazovuja kwingine hakosei, ingawa zingeziba chache mno.

Mimi ningeiacha ruzuku iendelee, kwa sharti moja gumu: jenga kwanza, hamisha baadaye, bomoa mwisho. Inachelewesha, na waendelezaji hawaipendi.

Huko Cabrini-Green ghorofa la mwisho liliangushwa 2011. Miaka miwili baadaye duka kubwa la Target lilifunguliwa kwenye kiwanja hicho. Nyumba za safu za zamani, 586, zilibaki zimesimama karibu na hapo. Zilizokarabatiwa ni kama 140. Nyingine, zaidi ya 400, zilizungushiwa uzio, zikakaa tupu kwa zaidi ya miaka kumi, huku watu wakisubiri nyumba kwenye foleni ya mamlaka ileile inayozimiliki.