Fuwele Haisemi Uongo

Bosi wetu wa maabara ana dini moja: umbo la protini huonekana kwa kumulika fuwele zake kwa eksirei, mengine porojo. AlphaFold, programu ya kompyuta inayotabiri maumbo ya protini, ilipotia fora kwenye CASP, shindano la utabiri huo, mwaka 2020, alisema bahati. Walioiunda walipopewa Nobeli ya kemia 2024, alikunywa kahawa yake kimya.

Sasa mwenzenu nilikuwa na protini ya kimelea cha malaria, inayozalishwa ndani ya bakteria wa E. coli, kazi ya kukuotesha mvi. Kompyuta ilishatabiri umbo lake, buluu iliyokolea karibu kote, yaani uhakika wa zaidi ya 90 kwa 100. Bosi akaguna: "Tutaona."

Fuwele zikaota. Upesi mno, lakini nani anauliza neema imetoka wapi? Zilikuwa angavu, kingo zimenyooka. Nikazivua kwa kitanzi cha nailoni chembamba kuliko unywele, chubwi ndani ya nitrojeni kimiminika, safari ya Grenoble, Ufaransa, kwenye mtambo wa eksirei wenye pete ya mita 844.

Data ikatoka safi. Tukajaribu kulipachika humo umbo lililotabiriwa na kompyuta. Wapi! Tukaligeuza, tukalikata vipande, likagoma. Bosi akaanza kupiga miluzi. Hapohapo akafungua slaidi mpya na kuandika: KOMPYUTA IMEKOSEA.

"Prof, tungoje kidogo," mwenzangu Mkenya akamsihi.

"Tungoje nini? Fuwele haisemi uongo!"

Fundi wa zamu akapita na kikombe chake, akatupia jicho vipimo vya kipande kinachojirudia ndani ya fuwele kwenye skrini: 79, 79, 37. Akaangua kicheko. Eti bakteria wetu tuliwapasua kwa kutumia kitu gani?

"Kwa lisozimu," nikajibu. Ile inayotoka kwenye ute wa yai. Bosi mwenyewe husimama nyuma yetu akihimiza tusiibanie.

Kumbe ndiyo iliyoganda kuwa fuwele, na vipimo vile ni vyake! Protini ya malaria ilishakwenda na maji, lisozimu ikabaki kwenye tone lenye chumvi na asidi ya siki, ongeza kitunguu upate kachumbari, ikajipanga kwa raha zake. Umbo lake lilipatikana London mwaka 1965, kimeng'enya cha kwanza kabisa kujulikana hivyo, na leo wanafunzi wapya huigandisha kujifunzia. Sisi tulikuwa tumeipakata kwenye treni kama mtoto mchanga.

Kimya kikatanda. Mwenzangu akakohoa. "Samahani, Prof. Kwenye slaidi sasa tuandike nani amekosea?"

Bosi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Kuku."