Shemeji Alinunua Namba

Ukitaka kumjua shemeji yangu, mwekee vitu viwili mezani, kimoja kiwe kimeandikwa namba kubwa. Hatauliza ni namba ya nini. Ndivyo alivyonunua televisheni isiyopita mlangoni, na ndivyo tulivyopata kabureta ya 750, kile chombo cha kuchanganyia hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini.

Shemeji ni mtu wa Tanga, anaishi Las Vegas na dada yangu, na jangwa la Nevada limemwingia kichwani. Ukimtajia kwamba tangu 1967 kuna watu wanashindana na magari kwenye mchanga na mawe ya Baja California kule Meksiko, na kwamba wale wa kwanza walitoka Tijuana mpaka La Paz, siku hiyo halali. Basi akanunua pikapu kuukuu ya Chevrolet, injini ya V8, yaani silinda nane, ya inchi za ujazo 350, kabureta hamna. Akaniita mimi, niliyejifunzia ufundi mitaa ya Gerezani, Dar es Salaam, kwenye magari ambayo yakizima unapuliza jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, kwa mdomo, safari inaendelea.

"Shemeji, hii gari tuitafutie kifua," akasema.

Nikachukua karatasi. Injini ya namna hii hujaza silinda zake zote hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Unazidisha 350 kwa mizunguko, tuseme 5,500 kwa dakika, unagawa kwa 3,456 (kugeuza inchi za ujazo kuwa futi, na kwa ajili ya ile mizunguko miwili), unapata kama 557. Hapo silinda ziwe zimejaa pomoni, jambo ambalo injini ya kawaida hailiwezi; ukichukua asilimia 85 unabaki na futi za ujazo 473 za hewa kwa dakika. "Kwa hiyo kabureta ya kupitisha 500 inatosha, na chenji inabaki," nikamwambia.

Akaishika karatasi juu chini. "Sasa hiyo chenji si ndiyo tunayoitaka?"

Jioni akarudi na 750. Matundu manne, mabakuli mawili, pampu mbili za kurushia mafuta, inang'aa kama sufuria ya bi harusi.

Kwenye lami, haki ya Mungu, ililia vizuri. Majirani walitoka nje. Mmoja alitoka na simu, nadhani kuita polisi, lakini shemeji alimpungia mkono akidhani anapigwa picha.

Tukaipeleka Jean, ziwa kavu lililo kusini ya mji. Palipo bapa shemeji alikuwa mfalme. Kisha tukaingia kwenye matuta.

Kwa asiyeijua kabureta: ndani ya bakuli mna petroli, na juu ya petroli mna boya linalofunga njia mafuta yakifika kimo chake. Boya hilo linaamini dunia imetulia. Gari likiruka, petroli nayo inaruka, inaingia kwenye vijibomba vya kupumulia na kumwagikia kooni mwa kabureta, inakopita hewa. Mkipanda, bakuli la mbele linamwaga. Mkishuka, la nyuma linajibu. Na mguu wa shemeji ulikuwa unadunda juu ya pedeli, na kila ukidunda pampu zote mbili zinarusha mafuta. Pale hatukuwa tunaendesha gari, tulikuwa tunaogesha injini.

Moshi mweusi. Injini inapiga misi, mara inawaka mara inakosa. Tukateremka korongo, pua chini, na huko chini ikazima.

"Labda mafuta hayafiki," akasema shemeji.

Plagi ya kwanza niliyoifungua ilitoka inachuruzika. Nikazifuta zote, nikazirudisha, nikamwomba tungoje ikauke. Nilipogeuka kutafuta maji ya kunywa, yeye yuko ndani, kakanyaga mafuta mara tatu, kapiga starta. Paa! Moto ukachomoza juu ya kabureta. Kitu cha karibu kilikuwa kanga ya dada, iliyofungia hotipoti ya chapati. Nikaufunika. Moto ulikufa, kanga ikafa nayo. Chapati zilipona.

Akatokea mzee mmoja wa Kimeksiko, na pikapu iliyochakaa kuliko yetu. Akainama kwenye injini, akanusa, akauliza kabureta hii ni ya ngapi.

"Mia saba na hamsini," akajibu shemeji, masizi usoni, kifua mbele.

Mzee akamtazama kwa huruma. "Galoni?"

Akatufungulia boneti lake. Mle ndani mlikuwa na kakabureta ka matundu mawili, vijibomba vyake vya kupumulia vimeunganishwa kwa kipande cha mpira, ili petroli ikiruka irudi ndani isimwagikie kooni. Akatufunga kamba, akatuvuta, akapita kwenye matuta yale yale tuliyoshindwa, akipiga mluzi. Shemeji alishika usukani bila neno mpaka tulipofika lami, ndipo akasema, "Ameponea ule mpira tu."

Siku hizi tunatumia ya 500. Wageni wakija, shemeji huwapeleka gereji na kuwaeleza hesabu aliyoipiga yeye mwenyewe, zidisha hivi, gawa kwa 3,456, na mimi huwa nimesimama hapo hapo nimeshika spana.

Ile 750 alitaka kuiuza. Dada akakataa, akaichukua kufidia kanga yake. Iko sebuleni dirishani, imechomekwa maua ya plastiki, shina moja kila tundu. Mgeni akiuliza ni chombo gani kile, dada hamtazami hata mumewe: "Ni kabureta. Hapo ndipo pa kwanza imekaa bila kudai petroli."