Ikiwasha Ndiyo Inafanya Kazi

Hebu niulize, limau limewakosea nini binadamu? Lilikuwa limetulia zake jikoni, kazi yake inajulikana, mara likaitwa bafuni. Asali ikalifuata. Mayai yakaifuata asali. Parachichi halikuitwa hata kidogo, lilibebwa mzobemzobe. Siku hizi nikifungua friji napokelewa na barafu na chupa ya maji. Vingine vyote viko vichwani mwa watu wa nyumba hii, na wenye vichwa wamekaa sebuleni, wamejifunga mifuko ya nailoni, wanasubiri dakika ishirini ziishe. Nikiuliza tutakula nini, naambiwa nisiwachekeshe, maski itapasuka.

Sina ugomvi na vitu vya asili. Ugomvi wangu ni na imani moja iliyojenga humu ndani na haitaki kuhama: ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Ikichoma, "inaingia". Ikitoa machozi, "inatoa sumu". Ikikubabua kabisa unaambiwa vumilia, ngozi ya zamani inajiondokea. Kitu kisichouma hapa hakina heshima. Ukimpaka mtu kitu akakaa kimya, atakuuliza una uhakika hakijaisha muda wake.

Na ukijaribu kutia neno, mama watoto ana jibu lake tayari: "Ni ya asili, haina madhara." Basi na upupu? Upupu ni wa asili kuliko sisi sote, haujawahi kuona mlango wa kiwanda. Jipake. Sumu ya nyoka nayo haina rangi ya bandia wala manukato. Madini ya risasi nayo huchimbwa ardhini, na mabibi wakubwa wa Ulaya walijipaka usoni unga mweupe wa risasi kwa karne nyingi ili wapendeze. Ukawaharibu ngozi, ukawapukutisha nywele, na wao wakaongeza tabaka jingine kuficha madhara ya tabaka la kwanza. Hapo naambiwa, "Baba watoto, wewe unapenda ubishi." Kweli napenda. Lakini katika mabishano haya ni mimi peke yangu ambaye sina vidonda.

Turudi kwa limau, maana kesi yake ni kubwa. Kuna kipimo cha uchachu kinachoitwa pH, saba ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyopanda. Ngozi yetu yenyewe ina uchachu kidogo, iko karibu na 5, na huo uchachu ni ulinzi wake. Limau liko karibu na 2. Mtu anasema, aa, tofauti ya tatu tu. Tatu gani! Kila hatua ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo hapo unajipaka kitu chenye uchachu mara elfu moja kuliko ngozi yako, halafu unashangaa kwa nini unapuliza uso kwa gazeti.

Kuwasha huko si hata sehemu mbaya. Limau na ndimu zina kemikali (ndiyo, kemikali, zimo humo humo kwenye tunda la asili) ambazo zikikaa juu ya ngozi na jua likazipiga, huunguza. Yanatoka malengelenge, na yakikauka yanaacha mabaka meusi yanayoweza kukaa wiki au miezi. Sasa fikiria shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, ambaye alijipaka limau ili aondoe madoa, kisha akatoka kuanika nguo. Yale madoa ya zamani hayaonekani tena. Huwezi kuyaona, yamemezwa na mapya.

Limau liliposhindwa wakahamia upande wa pili wa kipimo, kwenye ile soda ya kuumulia mikate. Hiyo iko juu kidogo ya 8. Kichwani inatumika badala ya shampuu kwa sababu "inatakata mpaka inalia". Unywele umefunikwa na magamba madogo madogo, na vitu visivyo na uchachu huyainua. Magamba yakiinuka nywele zinakwaruzana, zinafungana, na kitana kinapopita kinaondoka na nusu ya mali. Basi wamejifunza kwamba baada ya soda inabidi usuuze kwa siki ili magamba yalale tena. Yaani tumenunua kitu cha kuharibu na kitu cha kutengeneza kilichoharibiwa, vyote viwili kutoka bajeti ya chakula. Na siki wanaitia bila kuichanganya na maji, kwa sababu ikiwa na maji mengi haiwashi.

Tango la machoni sina neno nalo. Ni ubaridi tu unaopunguza uvimbe, kitambaa kilicholowa maji baridi kingefanya kazi hiyo hiyo, lakini nikisema hivyo nitaambiwa nina roho mbaya kwa tango.

Binti yangu yeye ni mtu wa mayai. Anasema nywele zimetengenezwa kwa protini na yai ni protini, kwa hiyo hesabu imekamilika. Nilikaa naye nikamweleza vizuri, mwanangu, protini ya yai ni kubwa mno, haina mlango wa kupita kuingia ndani ya unywele. Itakaa juu, itazipa nywele ulaini kidogo, itaoshwa, itaondoka. Akaniambia, "Baba, tatizo lako hutaki kuamini." Akaenda kujisuuza. Ute wa yai huanza kuganda ukipashwa moto wa nyuzi 60 na kidogo. Maji ya kuoga ya watu wa kawaida hayafiki huko. Ya binti yangu yanatoka kwenye birika moja kwa moja, naye hana subira ya kuchanganya na ya baridi. Sitaki kueleza zaidi, ila kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu mtu alichana nywele na kitana kikatoka na kifungua kinywa.

Halafu kuna suala la vibakuli. Ndani ya friji kuna vibakuli visivyoandikwa chochote, na mimi ni mtu ninayerudi nyumbani na njaa. Kimoja kilikuwa na kitu cha kijani, laini, kina harufu ya asali. Nilikipaka kwenye mkate. Kilikuwa kitamu, naomba niseme ukweli, kitamu kuliko vitu vingi ninavyowekewa mezani kwa makusudi. Kelele zilizofuata ungedhani nimekula hati ya nyumba. "Umekula uso wangu wa Jumamosi!" Nikauliza, na siku hiyo ilikuwa siku gani? Jumanne. Mchanganyiko wa matunda na maji usio na kihifadhi hauna uwezo wa kusubiri kutoka Jumanne mpaka Jumamosi. Bakteria na ukungu nao ni wa asili, nao wanapenda parachichi na asali iliyotiwa maji, wala hawahitaji mwaliko. Vitu hivi unatengeneza cha kutumia leo, kinachobaki unatupa. Nilichokifanya mimi nilimwokoa mtu na chunusi, lakini katika nyumba hii shukrani hupewa limau.

Nilidhani kwa kuwa mimi ni mwanamume wataniacha. Sahau. Mimi nina utosi. Kila mtu anao, najua, lakini wangu unaonekana. Shemeji akaleta habari kwamba juisi ya kitunguu inaotesha nywele, na kuna utafiti. Nami nikautafuta huo utafiti, maana mtu akitaka kukumwagia kitunguu kichwani una haki ya kuona nyaraka. Ni kweli upo, wa mwaka 2002, ulihusisha watu 38, na wengi waliopakwa kitunguu waliota nywele. Lakini walikuwa na ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mizizi ya nywele, zinanyonyoka kwa viduara, na mara nyingi huweza hata kurudi zenyewe. Mimi sina viduara. Mimi nina urithi kutoka kwa baba yangu, ambaye naye alirithi kwa baba yake, na urithi wa aina hii hauna hata haja ya wosia. Niliwaeleza hayo yote kwa utaratibu. Wakati naeleza, kitunguu kilikuwa tayari kimo kwenye blenda.

Kiliwasha. Wakafurahi sana. Kazini watu walibadilisha viti kwa heshima, bila kusema kitu, na mmoja akaniuliza kwa upole kama nyumbani tuna msiba.

Sasa kinachoniuma mimi, kuliko hata kitunguu, ni kwamba vipo vya nyumbani vinavyosaidia kweli, na hakuna anayevitaka. Havina kisa. Chukua mafuta ya nazi. Utafiti wa mwaka 2003 uliyapambanisha na ya alizeti na yale ya madini, yatokanayo na petroli, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza sana upotevu wa protini ya nywele, kwa sababu chembe zake ni ndogo na zimenyooka, zinapenya ndani ya unywele badala ya kukaa nje. Unajipaka kabla ya kuosha, basi. Uyaelekeze kwenye nywele zenyewe. Ukiwa na mba usiyamimine kwenye ngozi ya kichwa, maana fangasi wa mba chakula chao ni mafuta, na hapo utakuwa umewafungulia mgahawa. Nilipomsomea mama watoto akauliza, "Yanawasha?" Nikasema hapana. Akarudisha macho kwenye simu.

Au oti. Oti zilizosagwa laini kabisa zikatiwa kwenye maji ya kuoga ya vuguvugu hutuliza ngozi kavu inayowasha, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliziorodhesha kama kinga ya ngozi mwaka huohuo wa 2003. Sisi tunazo kabatini. Zimesimama hapo muda mrefu kwa sababu hakuna anayezila, na sasa nagundua hakuna anayezipaka pia. Ndicho chakula pekee cha nyumba hii ambacho kimesalimika pande zote mbili.

Kwa mwili wakachagua mafuta ya zeituni, kwa sababu chupa yake ni nzuri. Nikawaambia, mwaka 2013 watafiti waliwapaka watu mafuta ya zeituni mikononi na wakakuta yanalegeza ule ukuta wa juu wa ngozi, hata wasio na historia ya matatizo ya ngozi walipata wekundu kidogo. Ya alizeti hayakufanya hivyo. Yaani yale yale ya kukaangia! Hakuna aliyenisikiliza. Mafuta ya kukaangia hayana hadhi ya kukaa bafuni. Labda wakiyahamishia kwenye kichupa kidogo cha bluu.

Na mafuta ya mgando? Ukitoka kuoga, ngozi ingali na unyevu, unajipaka kidogo, yanafunga mlango maji yasitoke. Ndiyo siri nzima, na nimeitoa bure. "Hayo ni ya petroli," ananijibu mama watoto kwa masikitiko, "si ya asili." Petroli! Kitu kilichokaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka, kimeanza kuiva kabla ya limau la kwanza kuchanua, leo kinaambiwa si cha asili na mtu aliyepaka dawa ya meno kwenye chunusi.

Ombi langu la kila siku ni dogo. Ukileta kitu kipya, kipake kidogo sana kwenye kiwiko, kwa ndani, usubiri siku moja au mbili uone. Wamekubali kwa maneno. Kwa vitendo wanapaka uso mzima kisha wanasubiri kiwiko kitasema nini.

Baada ya kitunguu tulifikia mapatano kuhusu utosi wangu: rozimari, ule mmea wa kiungo wenye harufu nzuri. Hii niliichagua mwenyewe. Mwaka 2015 wanaume wenye upara wa kurithi, kama huu wangu, walipewa wengine mafuta ya rozimari na wengine minoxidil ya asilimia 2, dawa ya dukani ya kuotesha nywele. Miezi mitatu, hakuna kitu. Miezi sita, makundi yote mawili yakaongezeka nywele kidogo. Kidogo, lakini mtu mwenye utosi hachagui. Unachanganya matone machache na mafuta mengine, kwa sababu yenyewe matupu ni makali, unasugua taratibu. Hayawashi. Nanukia vizuri. Kazini watu wamerudi kwenye viti vyao.

Mama watoto hana imani nayo lakini amekubali kuwa mtunza kumbukumbu. Alipiga picha ya utosi wakati wa kuanza, juzi akapiga nyingine mahali palepale, mwanga uleule, akamwita binti yetu aje atoe uamuzi bila kuambiwa ipi ni ipi. Mtoto akaichukua simu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaigeuza. Mimi nimeketi, nimenyoosha mgongo.

"Baba," akasema, "hii yenye nywele nyingi ndiyo ya mwanzo, si ndiyo?"

Nikamwambia muda wa kulala umefika. Ilikuwa saa kumi jioni.