Juba panalipa, ila nani anaamua lori ligeuze?

Kila Sudan Kusini inapochafuka, mjadala uleule huibuka Nairobi, Mombasa na Kampala: tuendelee kupeleka watu Juba au tusubiri? Machi 2025, Riek Machar, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, alipowekwa chini ya kizuizi cha nyumbani, mjadala ukapamba moto tena. Kuna wanaosema hakuna faida inayolingana na roho ya mtu. Kuna wanaojibu kwamba ukisubiri Juba itulie kabisa, utakuta wenzako wameshagawana soko.

Hawa wa pili si walafi. Unga, mafuta, saruji, hata nyanya, sehemu kubwa huingia Juba kwa malori kutoka Uganda na Kenya, kupitia lami ya kilomita 192 kutoka Nimule, mpakani na Uganda, iliyokamilika mwaka 2012. Malori yakisimama, wa kwanza kuumia ni mama anayenunua chakula cha siku sokoni Konyo Konyo. Tena maonyo ya Marekani, yanayoiweka nchi nzima katika daraja la nne, yaani usisafiri kabisa, yaliandikwa kwa Mmarekani mwenye shughuli nyingine kwao. Hayamwambii muuza vipuri wa Kampala kama njia inapitika Jumanne asubuhi. Anayejua ni dereva aliyetangulia, na ujumbe wake wa sauti kwenye WhatsApp mara nyingi hufika kabla ya tangazo lolote la ubalozi.

Lakini uzoefu nao una mpaka. Julai 2016 mapigano yalipozuka Juba, wageni waliokuwa katika hoteli ya Terrain waliamini wako mahali salama. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kambi karibu. Tarehe 11 wanajeshi wa serikali waliivamia hoteli, wakamuua mwandishi wa habari wa Sudan Kusini na kubaka wanawake. Simu za kuomba msaada zilipigwa, walinda amani hawakuja. Siku chache baadaye Uganda ililazimika kutuma msafara wa jeshi kuwachukua raia wake, wengi wao wafanyabiashara waliokuwa wakiujua mji huo vizuri.

Na hatari si risasi peke yake. Wakenya wanne walioajiriwa na kampuni moja ya Juba walikamatwa mwaka 2015 katika kesi ya wizi wa fedha za ofisi ya rais, wakahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016, na wakaachiliwa 2017. Familia zao zilihangaika miaka yote hiyo zikisisitiza kwamba hawakuwa na hatia. Ni mwajiri gani huwaza habari ya wakili anapokata tiketi ya ndege?

Naona kambi zote mbili zinabishania kwenda au kutokwenda, na kuliacha swali zito zaidi: nani ana uwezo wa kusitisha safari ikiwa imeshaanza? Mfanyabiashara anayesafiri kwa mtaji wake hujiamulia. Akisikia milio mbele, anarudi na hasara yake. Dereva wa kuajiriwa hana nafasi hiyo. Analipwa kwa safari. Lori likilala Elegu, upande wa Uganda wa mpaka, siku tano, posho inaishia kwenye ugali anaopika kwa jiko la mkaa pembeni ya trela, huku mwenye mzigo akipiga simu kuuliza kwa nini bado hajavuka. Ndiyo maana mtu mzima mwenye akili zake anaondoka Nimule alasiri, akijua giza litamkuta njiani.

Yako mambo ya kawaida yanayosaidia, na hayagharimu sana: kuondoka alfajiri, kupitisha fedha benki (za Kenya zina matawi Juba) badala ya kubeba dola mwilini, kutopiga picha ovyo mjini, kuacha nakala ya pasipoti ofisini, na kusoma bima kabla ya safari kwa sababu nyingi hazilipi madhara ya vita. Ila ningeulizwa nichague moja, ningechagua kifungu cha mkataba kinachosema anayesafiri akiona hatari anaruhusiwa kurudi, na posho yake haikatwi.

Wenye malori watasema kila uvumi utawarudisha madereva na nyanya zitaozea mpakani. Wana haki ya kuogopa hilo, maana uvumi ni mwingi kwenye njia ile. Basi dereva aeleze alichosikia, wenzake waulizwe. Ikibaki shaka, neno la mwisho liwe la aliyeshika usukani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 tayari inamlinda mfanyakazi anayeondoka mahali pa kazi penye hatari kubwa. Kinachokosekana ni waajiri kuiheshimu hata lori likishavuka mpaka.

Mwaka 2021, baada ya wenzao kuuawa barabarani, madereva waligoma kwa pamoja pale Elegu, foleni ikawa ndefu, na serikali ya Juba ikalazimika kuzungumzia ulinzi wa njia. Dereva ambaye angekataa peke yake wiki hiyohiyo angenyang'anywa funguo, na kufika jioni mtu mwingine angekuwa ndani ya kabini yake akielekea Nimule.